Mpira Ulioamshwa

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Velma Khasandi alipanda kigari cha kuokotea mipira akauzunguka uwanja wa mazoezi akiwa amejifunga leso puani. Nyasi za uwanja ule wa gofu wa Maskati zilimwagiliwa maji yaliyosafishwa kutoka kwenye majitaka ya mji, na alfajiri zilinuka kama choo kilichopigwa dawa jana yake. Maji yenyewe hayakuwa na madhara, na mabango yalikataza kuyanywa tu. Harufu hiyo Velma alishaizoea. Watu ndio waliomtia kichefuchefu. Mwanachama alichomoa kutoka kwenye nyasi hizo hizo kijiti cha kuwekea mpira, akakibana kati ya meno, akaendelea kuzungumzia mikataba yake huku akikitafuna. Mwingine alilamba kidole gumba akausugua mpira kwa mate. Vijiti vilivyotafunwa vilibaki vimetapakaa kama mifupa ya samaki, na wa kuviokota alikuwa yeye. Aliokota pia glavu zilizolowa jasho, zilizojikunja na kukauka kwa umbo la mkono wa mtu, na kila alipoigusa moja alihisi kama amepeana mkono na mwenyewe bila kutaka.

Saa nne alivua leso, akanawa hadi viwikoni, akavaa fulana ya kola iliyoandikwa kifuani kwamba yeye ni kocha mwanafunzi. Hapo ndipo siku yake ya kweli ilipoanza.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa mafunzo. Mafunzo ya ukocha wa gofu hayana darasa la kwenda na kurudi. Mwanafunzi huajiriwa kwenye klabu, akafundisha chini ya jicho la kocha aliyefuzu, na usiku au alfajiri akasoma vitabu vinavyotumwa na chama cha makocha. Velma alisoma jinsi misuli ya mgongo inavyozunguka, jinsi ya kubadilisha mpini wa fimbo bila kuupindisha, jinsi ya kumfundisha mtoto na jinsi ya kumfundisha mtu mwenye goti bovu. Alisomea jikoni, katika nyumba aliyopanga pamoja na Abigail mtaa wa Mawaleh. Abigail alikuwa Mkenya mwenzake, muuguzi katika zahanati ya meno. Kila aliporudi kutoka kazini alimkuta Velma amesimama mbele ya mlango wa friji ameshika mwiko kama fimbo ya gofu, akitazama kivuli cha mabega yake.

Mtihani wa kufundisha alikwisha kuupita, tena kwa sifa. Kilichobaki ni mtihani wa kucheza. Mwanafunzi hucheza mizunguko miwili ya mashimo kumi na manane kwa siku moja, na jumla ya mapigo yake haitakiwi kuzidi kiwango kilichowekwa. Kiwango cha wanawake katika uwanja wa mtihani kilikuwa mia moja sitini na tatu. Velma alikwisha kushindwa mara mbili. Mara ya kwanza alilemewa na joto, mara ya pili alizidisha mapigo mawili. Nafasi ya tatu ilikuwa ya mwisho. Akishindwa, miaka mitatu inafutwa, na jina lake linarudi kwenye orodha ya waokota mipira.

Aliupenda mchezo huu tangu utotoni, na katika kuupenda ndimo alimojifunzia uchafu wake. Nyumbani kwao magharibi mwa Kenya, kando ya uwanja mdogo wa gofu, alianza kazi ya kedi, yaani kubeba mikoba ya wachezaji, baada tu ya kumaliza shule. Makedi walikuwa na ufundi wao ambao hauandikwi popote. Mpira wa bosi ukiangukia kwenye shimo la fuko au nyuma ya mzizi, kedi hutangulia mbele kama anayeutafuta. Huukanyaga kidogo, huubana kwa vidole vya mguu, na anapopiga hatua inayofuata mpira unakuwa umelala juu ya nyasi laini, unapendeza kuupiga. Ufundi huo waliuita kuuamsha mpira. Bosi hakuomba na kedi hakusema. Bosi aliyeamshiwa mpira alirudi kesho akimtaka kedi yule yule, na hivyo ndivyo kedi alivyojipatia wateja. Velma alikuwa hodari kuliko wanaume wote. Aliweza kuuamsha akiwa anaeleza habari za mvua, macho yake yakiwa kwenye mawingu.

Ufundi huo alisafiri nao hadi Omani bila kujua kwamba ameubeba.

Mwaka wake wa kwanza Maskati, kabla ya mafunzo, klabu ilipompa ruhusa ya kubeba mikoba Jumamosi, alipangwa na Bwana Marhoon, mzee wa miaka sitini na tano, mstaafu wa serikali. Alizaliwa Unguja na kuletwa Maskati akiwa kijana. Alikuwa mtu wa kupendeka. Alimwita Velma mwanangu tangu siku ya kwanza, akamletea halwa na kahawa ya chupa, akamuuliza habari za mama yake kwa jina. Katika shimo la nne siku hiyo mpira wa mzee uliingia kati ya mawe. Velma alitangulia. Mguu wake ulifanya kazi yake kabla kichwa hakijaulizwa, na mpira ukawa kwenye nyasi. Alipogeuka alimwona Bwana Marhoon amesimama hatua sita nyuma yake. Alikuwa ameona kila kitu. Mzee alitazama mpira, akamtazama yeye, akatabasamu polepole.

"Mashaallah," akasema. "Leo nna bahati."

Tangu siku hiyo hakutaka kedi mwingine. Aliposikia kwamba Velma anatamani ukocha, aliipeleka habari kwenye kamati ya wanachama aliyokuwa mjumbe wake, na barua ya udhamini iliyomwingiza kwenye mafunzo ilikuwa na sahihi yake. Kwa miaka miwili Velma alisoma kanuni za mchezo katikati ya wiki, sura iliyosema kwamba mpira huchezwa ulipolala, na Jumamosi aliuamsha mpira wa mfadhili wake. Mzee alishinda vikombe vitatu. Katika chakula cha washindi alisimama kuzungumzia uaminifu na heshima ya gofu, mchezo usiohitaji mwamuzi, na Velma, akiwa amesimama ukutani na taulo begani, alitazama midomo ya mzee ikimeremeta mafuta ya nyama. Mezani, karibu na mzee, alikaa Hisham, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyeshika nafasi ya pili mara zote tatu. Hisham alipiga makofi kwa moyo mweupe. Makofi yale ndiyo yaliyomchukiza Velma kupita yote, ingawa alijua wa kuchukiwa si Hisham.

Alijaribu kulisema jambo hilo kwa Harrison, kocha mkuu, Mkenya wa Nyeri aliyekuwa akimsimamia. Alilisema kwa mbali, kama habari ya kedi fulani wa klabu fulani. Harrison aliendelea kupanga kofia rafuni. Alisema kila uwanja una mambo yake, na mtu anayetaka kufika mbali hujifunza kuangalia mawingu. Kisha akamkonyeza. Velma alielewa kwamba Harrison anajua, na pengine wengine wanajua, na kwamba wote wamekaa ndani ya jambo hili kama watu waliokaa kwenye gari lenye harufu mbaya, kila mmoja akingoja mwingine ateremshe kioo.

Kilichomvunja hakikutokea Jumamosi. Kilitokea Jumatatu saa kumi jioni, katika somo la Khawla.

Khawla alikuwa binti wa Bwana Marhoon, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi wizarani na kukaa na wanawe mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Alikuwa mwanafunzi bora wa Velma. Aliuliza maswali, alifanya mazoezi aliyopewa, na alijicheka alipokosea. Siku hiyo walitoka uwanja wa mazoezi kwenda kucheza mashimo matatu ya kweli kwa mara ya kwanza. Katika shimo la pili mpira wa Khawla ulisimama ndani ya alama ya kwato za mbuzi waliokuwa wameingia kutoka mlimani. Khawla alitangulia. Kiatu chake cheupe kilipita juu ya mpira, kikausukuma, na mpira ukatoka ukakaa mahali pazuri. Alifanya polepole na kwa uangalifu, kama anayekumbuka hatua za zoezi.

Velma akamuuliza amejifunza wapi hilo.

"Kwa Baba," Khawla akajibu, akicheka. "Lakini ananambia fundi khasa ni wewe. Ati unausogeza hata chini hutazami. Nimefanya sawa?"

Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza kocha wake kama mshiko wa mikono uko sawa. Velma akatazama kiatu kile cheupe na doa dogo la majani kwenye ncha yake. Miezi minane alimfundisha mwanamke huyu kusimama, kupumua na kuzungusha kiuno. Kumbe somo lililoshika kuliko yote ni lile ambalo hakuwahi kulitoa. Akaurudisha mpira kwenye alama ya kwato kwa mkono wake, akasema gofu huchezwa hapo. Khawla akaacha kucheka, akapiga, mpira ukaenda hatua mbili.

Usiku ule Velma alisugua miguu yake kwa jiwe mpaka Abigail akagonga mlango wa bafu.

"Wewe Vel, unachuna ngozi ama unaoga? Wengine pia tunataka maji."

Alipotoka alimweleza yote. Abigail alisikiliza akiwa na mswaki mdomoni. Aliona jambo lenyewe ni dogo sana. Wazee walikuwa wakichezea mpira, nani kaumia? Kama ni kukoma, akome, lakini akome taratibu, maana mtihani ulikuwa wiki mbili mbele na barua ya udhamini ilikuwa ya mzee. Velma alikubali shauri hilo, na baadaye alijidharau kwa kulikubali. Alimwendea Bwana Marhoon akamwambia kwamba hataweza tena kubeba mkoba wake kwa sababu ya masomo. Sababu ya kweli hakuitaja. Hakuwa na ujasiri wa kuitaja.

Mzee hakukasirika. Alimpigapiga begani akasema masomo kwanza. Kisha uso wake ukachangamka kwa wazo. Mwanafunzi anaruhusiwa kuwa na kedi siku ya mtihani, sivyo? Basi yeye mwenyewe atambebea.

"Miaka miwili umenibebea mie," akasema. "Siku moja nikubebee wewe, itanipunguza nini? Usinikatalie mwanangu, ntaona umenidharau."

Velma akakubali.

Mtihani ulifanyika Februari, katika uwanja mwingine upande wa pili wa jiji, kwenye kingo za wadi, bonde kavu la changarawe linalopitisha maji ya mvua mara chache kwa mwaka. Mtahini alikuwa Aziz, kocha mwandamizi wa chama, mtu mkavu wa maneno, mama yake Mzanzibari. Kila mwanafunzi alipangiwa mwenzake wa kumwandikia alama. Velma alipangwa na Elijah, kijana wa Eldoret aliyekuwa akifundisha katika hoteli moja ya pwani. Elijah aliomba kimyakimya kabla ya kila shimo na kuomba radhi kwa kila mpira aliopiga vibaya, kama mpira ndio ulioumia.

Mzunguko wa kwanza Velma alipiga themanini. Bwana Marhoon alikuwa kedi mzuri kuliko alivyotarajia. Alifuta fimbo, alimkumbusha kunywa maji, alinyamaza alipotakiwa kunyamaza. Walipopumzika alimmenyea chungwa. Velma aliona vidole vile vya uzee vikitenganisha maganda kwa upole, akajilaumu kwa chuki aliyokuwa nayo. Akajiambia kwamba labda mtu anaweza kuwa mwema na kuwa na doa, na kwamba baada ya leo atamweleza kwa adabu.

Mzunguko wa pili ulikuwa mzito. Upepo wa mchana ulivuma kutoka mlimani, na mashimo mawili yalimgharimu. Alipomaliza shimo la kumi na tano alikuwa amepiga mapigo sabini. Ili afike mia moja sitini na tatu alibakiwa na kumi na matatu kwa mashimo matatu. Mchezaji mzuri anatakiwa kuyamaliza mashimo yale kwa mapigo kumi na mawili. Yeye alikuwa na la ziada moja tu.

Katika shimo la kumi na sita aliupiga mpira, upepo ukaushika, na wote watatu wakauona unashuka kulia, unagonga ukingo wa wadi na kutulia. Kutoka mbali Velma aliona vizuri ulipoangukia. Ulikuwa kwenye changarawe, nusu hatua kutoka mahali nyasi zinapoishia, mweupe kati ya mawe ya kijivu. Elijah alikwenda kwenye mpira wake upande wa kushoto. Bwana Marhoon akatangulia na mkoba.

Velma alipofika, mpira ulikuwa juu ya nyasi.

Ulikaa vizuri mno, umeinuliwa na majani kama yai kwenye pamba. Kwenye changarawe palikuwa na kishimo kidogo ambako ulikuwa umelala, na kutoka hapo hadi kwenye nyasi palikuwa na mburuzo wa kiatu, mpana na wa kizembe. Velma aliutazama mburuzo ule kwa muda mrefu. Jambo la kwanza alilolifikiri, na lilimtisha baadaye kwamba lilikuwa la kwanza, ni kwamba kazi ilifanywa vibaya. Yeye asingeacha alama.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "mpira ulikuwa hapa?"

"Ulikuwapo hapo hapo." Bwana Marhoon alikuwa akitazama mawingu. "Riziki yako leo, mwanangu. Piga twende."

Elijah alikuwa mbali, amewapa mgongo. Hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa kunguru. Ilitosha kupiga. Mpira ungefika karibu na shimo, mapigo mawili ya kumalizia, na kesho angekuwa kocha. Velma alishika fimbo na akasimama kando ya mpira, akajaribu kuona mahali anapotaka uende. Lakini jicho lake halikutoka kwenye majani yale. Alihisi kama amepewa chakula kilichokwisha kutafunwa. Kichefuchefu kilimpanda, na alijua fika kwamba hakikutoka kwa mzee. Mzee alikuwa anamlipa tu kwa alichofundishwa.

Akarudi nyuma. Akainua mkono akamwita Elijah, na Elijah alipofika akamwambia kwamba mpira wake umesogezwa na kedi wake, ulikuwa pale kwenye changarawe, na anamtaka mtahini.

Elijah alimtazama yeye, akamtazama mzee, akasema, "Dada, una uhakika unataka kuita?"

"Ita."

Aziz alikuja na kigari. Velma alimwonyesha kishimo na mburuzo. Aziz hakuhitaji muda. Alisema mpira urudishwe ulipokuwa na pigo moja la adhabu liongezwe, kwa kuwa kosa la kedi ni la mchezaji. Alikuwa anageuka kuondoka Bwana Marhoon alipozungumza. Uso wa mzee ulikuwa umeiva. Katika maisha yake yote pengine hakuna mtu wa umri wa Velma aliyewahi kumwaibisha mbele ya watu.

"Mwulize kanifunza nani," akamwambia Aziz. "Mwulize huyu. Miaka miwili ananisogezea mipira mie, vikombe vitatu, leo mbele yako kawa malaika. Mguu wangu umefuata wake tu."

Aziz alisimama na mkono juu ya usukani. Akamwambia Velma acheze kwanza amalize, mengine yatazungumzwa mezani kadi ya alama itakapowasilishwa. Bwana Marhoon akauweka mkoba chini, akaondoka kwa miguu kuelekea klabu, kanzu yake ikipepea kwa upepo, bila kugeuka.

Velma akaurudisha mpira kwenye changarawe. Akaupiga kuutoa tu, pembeni, kwenye nyasi. Pigo lililofuata liliuweka hatua mbili kutoka kwenye shimo, na akautia. Mapigo matano pamoja na la adhabu. La ziada lilikuwa limekwisha. Alibeba mkoba mwenyewe hadi shimo la kumi na saba akalimaliza kwa matatu kama inavyotakiwa. La kumi na nane lilitaka matano. Kwenye pigo la tano mpira ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye shimo, na Elijah aligeuka asione. Ukaingia kwa ubavu, ukazunguka ukingo, ukazama.

Mia moja sitini na tatu.

Bwana Marhoon alikuwa akimngoja kwenye kivuli cha ukuta, karibu na mlango wa ofisi. Hasira ilikuwa imemtoka, na sasa alionekana mzee kuliko asubuhi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nnakwambia kwa wema. Yule atakuuliza. Sema mzee alikuwa na hasira, kasema asichokijua. Na mie nikiulizwa ntasema hivo hivo. Khalas, yanakwisha hapa. Umeshapita."

Mikono yake ilikuwa na jasho, ya moto na ya huruma. Alimaanisha kila neno. Velma alikumbuka halwa, barua, na jinsi mzee alivyokuwa akimwombea mama yake alipokuwa mgonjwa. Akautoa mkono wake polepole na, bila kukusudia, akaufuta kwenye suruali. Mzee aliona.

Ndani, Aziz alikagua kadi, shimo kwa shimo, akamwuliza Elijah kama anakubaliana na alama hizo. Elijah akakubali, akatolewa nje. Kisha Aziz akaweka kalamu mezani.

"Matokeo yako ya leo ni halali," akasema kwa Kiswahili. "Umepita. Sasa nakuuliza jambo moja, na si lazima ujibu leo. Alichosema yule mzee ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mara ngapi?"

"Karibu kila Jumamosi. Miaka miwili. Hakuwahi kuniomba. Ya kwanza niliifanya mwenyewe, kwa sababu nyumbani ndivyo tulivyofanya. Baadaye nikaendelea kwa sababu ya barua yake."

Aziz alimtazama kama mtu aliyetarajia jibu fupi zaidi. Akasema atalazimika kulipeleka jambo hilo kwenye kamati ya nidhamu, na kwamba hawezi kumwahidi lolote. Akamsukumia karatasi tupu aandike maelezo yake. Velma aliandika ukurasa mzima na nusu. Alipofika kwenye majina ya waliodhulumiwa aliandika jina la Hisham mara tatu, mara moja kwa kila kikombe.

Elijah ndiye aliyemrudisha Mawaleh kwa gari la hoteli. Njiani Velma alimwomba asimamishe, akashuka, akatapika kando ya barabara chungwa alilomenyewa mchana. Nyumbani Abigail alikuwa amepika chapati za kusherehekea. Aliposikia habari yote alikaa kitini na unga mikononi.

"Umepita," akasema, "halafu ukajishtaki. Vel, na nani alikutuma?"

Velma akasema mtahini alimwuliza. Abigail akasema watu huulizwa mambo mengi duniani. Wakala chapati, na mwishowe Abigail akamwongezea ya tatu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Kamati ilikaa baada ya wiki sita. Cheti chake kilizuiwa kwa miezi minane, akatakiwa kurudia mtihani wa kanuni, na akapigwa marufuku kubeba mkoba wa mwanachama yeyote. Katika miezi hiyo aliendelea kuokota mipira asubuhi na kufundisha mchana chini ya jicho la Harrison, ambaye sasa alizungumza naye kwa uangalifu kama mtu anavyozungumza na aliyetoka hospitali. Baadhi ya wanachama waliacha kumsalimu. Hisham alikuja siku moja, akasimama mbele yake na fimbo mkononi, akasema kwamba anataka masomo ya Jumatano. Bwana Marhoon hakuja tena. Klabu ilisema vikombe vitashughulikiwa, na havikushughulikiwa.

Cheti kilifika Novemba, ndani ya bahasha ngumu. Harrison alifurahi kwa dhati. Ilikuwa desturi ya klabu kwamba vyeti vya makocha hutundikwa ukutani katika duka la vifaa, na alikwisha kununua fremu. Akamwonyesha nafasi iliyobaki, mahali pazuri, usawa wa macho, panapoonwa na kila anayeingia. Upande wa kushoto palikuwa na cheti cha Harrison. Upande wa kulia, katika fremu ya dhahabu, Bwana Marhoon alikuwa amekumbatia kikombe cha tatu, na nyuma ya bega lake, kwa ukungu kidogo, alionekana mwanamke mwenye taulo.

Velma akauliza ile picha itaondolewa lini.

Harrison akasema picha ya mwanachama haiondolewi hivi hivi. Kuna kamati, kuna familia, kuna heshima ya mtu. Akasema ni picha tu. Tayari alikuwa ameshika nyundo.

"Basi hakitatundikwa hapo, Kocha," Velma akasema.

Akakirudisha cheti kwenye bahasha, akakitia kwenye mkoba wake wa kazi, akatazama saa. Ilikuwa Jumatano, na Hisham alikuwa amekwisha kufika kwenye uwanja wa mazoezi. Alikuwa amesimama vibaya, miguu imeachana kupita kiasi, na kijiti kati ya meno. Velma akatoka nje, akanyoosha kiganja mbele ya mdomo wa mwanafunzi wake, akangoja mpaka akakitema.